Pale pa Kukohoa

Siku hizi wimbo ni mali ya aliyewahi kuuandikisha, si ya aliyeutunga. Saumu hakuwahi. Wimbo wa kumbembelezea bintiye Kibibi aliutia mtandaoni kwa furaha tu, shangazi zake wa Wete wausikie, na kampuni ya vitanda vya watoto ikaudaka kama mwewe adakavyo kifaranga.

Jioni moja Kibibi alishikwa na homa. Saumu akampakata, akaanza kumwimbia. Kifaa cha ukutani, ambacho sheria imekiweka kila nyumba, kikamkatiza.

"Samahani, bibie. Wimbo huu una mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye mimi?"

"Samahani, bibie." Kikavuma mpaka sauti ya Saumu ikazama, na kitanda cha Kibibi, cha kampuni ile ile, kikauimba badala yake kwa sauti laini ya dukani, kikikohoa pale pale alipokohoa Saumu siku ya kurekodi, maana alikuwa na mafua.

Kitanda kiliponyamaza, Saumu alijifunika khanga gubigubi pamoja na mwanawe, akamwimbia sikioni kwa kunong'ona, mwanzo hadi mwisho.

Kibibi akafumbua macho.

"Umekosea, mama," akasema. "Pale hukukohoa."