Kinong'ono cha Nyamvula

Asubuhi ya siku ya wazazi, kwa heshima zote za utundu, Mesalimu alibadilisha kinong'ono chake na cha Nyamvula, jirani yake wa kitanda katika bweni la shule, aliyekuwa bado anakoroma. Kila mtu alivaa kinong'ono, kidude cha kumnong'oneza, sikioni. Vinong'ono vilitambuana vyenyewe na kumwambia mvaaji huyu ni nani na yule ni nani, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kukariri sura wala majina.

Mzaha ulifana. Nyamvula alimkimbilia mama yake Mesalimu, akakumbatiwa, akapakuliwa pilau. Mesalimu alicheka nyuma ya tangi la maji mpaka mbavu zikamuuma, kisha njaa ikamtoa mafichoni.

"Shikamoo mama! Ni mimi, Mesalimu!"

Mama aligusa sikio, akasikiliza. "Marahaba, Nyamvula. Mama yako atafika tu."

"Mama, acha masihara!"

"Mesalimu si huyu anakula?"

Nyamvula alisikiliza sikio lake, akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa kuku.

"Basi niulize jambo la nyumbani!"

Mama alimwonea huruma. "Haya. Nyanya aliyekulea anaitwa nani?"

Mesalimu alifungua mdomo, akangoja sikio limwambie kama kawaida.

"Mbeyu," kilinong'ona kinong'ono cha Nyamvula.

Hakuwahi kumsikia huyo Mbeyu. Alitafuta jina la nyanya yake mwenyewe kichwani, akatafuta tena, na mama bado alikuwa akingoja.