Fungu la Mgeni

Kila Ijumaa asubuhi Zamda alijaza kabati la dharura kama sheria ilivyotaka: chakula na maji ya siku saba kwa kila atakayekuwa hai wiki hiyo. Idadi ya watu ilitajwa na kabati lenyewe, na halikuwahi kukosea. Kwa jirani yake Bi Riziki lilipunguza fungu moja siku ya Ijumaa, na Jumanne akazikwa mumewe.

"Punguza fungu moja," kabati likasema leo.

Zamda akacheka kidogo. Alirithi kwa mama yake mazoea ya kumwekea mgeni, asije akabisha hodi akakuta nyumba haina kitu, na nyuma ya unga alikuwa ameficha dagaa na maji ya mtu wa tano. Akavitoa, akafunga mlango.

"Punguza fungu moja. Watu watatu."

Nyumbani walikuwa wanne.

"Mama Nargisi, chai vipi?" mumewe Mbwana aliita. "Watoto wanachelewa shule!"

Akawapelekea chai na mihogo ya nazi, akaketi nao, akawatazama mmoja mmoja, akitafuta kikohozi, uso uliopauka, mkono unaotetemeka. Mbwana alimaliza sahani yake. Nargisi akaomba aongezwe. Shali, mdogo wake, akalamba nazi vidoleni.

"Mbona wewe huli?" Mbwana akauliza.

Zamda akainamia sahani yake, ambayo hakuwa ameigusa. Alikuwa amewakagua watu watatu, na wote watatu walikuwa wazima.