Kirusi Kiitwacho Shamsa

Siku hizo kila kirusi kipya kilipewa jina la mtu wa kwanza kukutwa nacho, na dunia nzima ikakifuatilia kwa jina hilo. Ndivyo Raya, binti wa Mwanasiti, alivyogeuka ugonjwa. Redio zilitangaza kwamba Raya ameingia Lima, Raya ameua mia Oslo. Bi Shamsa, aliyekuwa awe mkwewe, akavunja uchumba mbele za watu.

"Mwanangu hawezi kuoa ugonjwa," alisema.

Miaka mitatu Mwanasiti aliliweka neno hilo moyoni, huku akipima makamasi ya watu katika kituo cha uchunguzi cha Tanga. Asubuhi moja Bi Shamsa akaingia na mjukuu mchanga aliyebanwa na mafua. Hakumtambua Mwanasiti nyuma ya barakoa. Kipimo kikaonyesha kirusi kisichowahi kuonekana popote.

Mwanasiti akavuta fomu. "Mtoto anaitwa nani?"

"Bado, akika ni keshokutwa. Ila atarithi jina langu, Shamsa."

Asiye na jina, kirusi chake hupewa namba tu, na hakuna aliyeijua kanuni hiyo kuliko Mwanasiti. Akaandika SHAMSA, akatuma.

"Jina zuri, bibi," alisema. "Litafika mbali."

Jioni, nyumbani, redio ilipolitaja jina la mtoto huyo wa Tanga, aliongeza sauti makusudi, akingoja bintiye acheke. Raya aliendelea kuchambua mchele.

"Mama, huyo mtoto ana siku ngapi?"

"Tano."

Raya akaweka ungo chini, akaizima redio.