Uhamisho wa Dorah

Barua ya uhamisho ilifika siku ambayo Dorah, muuguzi pekee katika zahanati moja karibu na Magunga, alikuwa amehudumia wagonjwa tangu alfajiri, miguu imemvimba. Mwezi wake wa kwanza hapo aliiomba barua hiyo akilia. Huko Suna, alikopangiwa, angekuwa na wauguzi wenzake wanne.

Alipofika nyumbani aliwakuta wanawake watatu wa kwaya ya kanisa uani, wakichuma njugu kwenye mashina yaliyong'olewa. Kijishamba chake, alichokilima kwa kujifurahisha tu akakisahau wagonjwa wa malaria walipozidi, walikuwa wamekivuna chote.

"Mvua ingeziozesha," alisema mkubwa wao. "Keti, nyathina, mwanangu."

Mmoja alimvua viatu, akamwekea miguu kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Dorah alitazama kucha zao zilizojaa udongo. Ni hawa hawa waliomletea uji siku za zamu ndefu, wakamfundisha kuimba kwa Dholuo, lugha ambayo si yake.

"Nimepata uhamisho," alisema.

Mikono yao ilisimama. "Unaenda lini?" aliuliza mkubwa wao.

Alitaka kusema Jumatatu, kama barua ilivyoagiza. Alikuwa amechoka hata kufikiri.

"Ule wimbo wa Sabato," alisema, "sauti ya pili bado inanishinda. Siendi kabla sijaiweza. Hebu anzeni."