Hafsa Analilia Wapi

Kura zilikuwa za kupanga mstari, na mgombea haruhusiwi kugeuka. Tulisimama wawili mbele ya ofisi ya kijiji, mimi na mwenyekiti wa miaka yote, tumewapa watu migongo ili kila mmoja ajipange nyuma ya amtakaye.

Asubuhi mume wangu aliniapia, "Wallahi, Mama Hafsa, mie niko nyuma yako." Basi nikamwachia mtoto, kama wanawake wenzangu wenye wachanga walivyowaachia waume zao.

Sasa Hafsa akaangua kilio, nami nikajua kinatoka wapi: kushoto, kwenye mstari wa mwenyekiti.

Hasira zikapanda, maziwa yakashuka. Gauni likalowa kifuani na kuninata, mbele ya msimamizi wa uchaguzi, ambaye ghafla alianza kuangalia mikorosho.

Sikugeuka. Nikapaza sauti: "Baba Hafsa, mtoto anataka ziwa! Na mie hapa sitoki!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akafoka, "Hakuna kuhama mstari!"

"Hatujaanza kuhesabu," msimamizi akasema, macho yangali mikoroshoni. "Anayehama, ahame."

Kilio kikaanza kutembea, taratibu, kwa aibu, mpaka begani kwangu. Nikampokea mwanangu na kumfunika kwa kanga bila kugeuza shingo.

"Na wewe simama hapo hapo," nikamwambia baba yake.

Hafsa akanyamaza.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma yangu akaita, "Baba Tawakali! Na huyo mtoto wetu mlete anyonye!"

Mwingine akadakia, "Na wangu je?"

Mwenyekiti akageuka.