Majina ya Siku Saba

Mgonjwa hakuwa na ugonjwa wowote, lakini jasho lilimtoka kweli.

Zainabu, mhudumu wa afya wa kijiji cha Munje, alimtazama kupitia miwani ya plastiki, kalamu mkononi. Mgonjwa alikuwa Alfani, mumewe. Zainabu mwenyewe ndiye aliyempendekeza. Alfani kazi yake ni kupokea vifurushi Ukunda. Nani angefaa zaidi kuigiza mtu aliyefungua bahasha yenye unga uliotiwa vijidudu?

Wajumbe wa nchi tatu walisimama kando ya hema, pale Msambweni. Juma zima walikuwa Diani, wakikubaliana namna ya kusaidiana endapo mtu mwovu atasambaza maradhi kwa makusudi. Leo walitaka kuiona kazi yenyewe: kila aliyeguswa na mgonjwa kwa siku saba apatikane kabla ya adhuhuri. Bahasha ilikuwa ya mchezo. Majina yalitakiwa yawe ya kweli.

Ukweli huo Zainabu alikuwa ameungoja miezi miwili. Tangu wamzike Swabir, mwana wao wa pekee, mwaka juzi, nyumba yao haikusikia kicheko. Kisha Alfani akaanza kuchelewa. Akirudi, bega la shati lina poda inayonukia, naye anatabasamu peke yake. Juzi alimsikia uani akinong'ona kwenye simu, "Mke wangu, lala, kesho naja." Kilichomuuma zaidi ni lile tabasamu. Mwenziwe amepata wapi furaha, na yeye bado analia?

"Jioni ulikuwa wapi?"

"Bongwe."

"Jioni zote saba?"

"Tano."

"Kwa nani?"

Alfani aliinama, akamwomba kwa sauti ya chini wayaache hayo, atamweleza nyumbani.

"Hapa mimi si mkeo," Zainabu alisema. "Hapa mimi ni serikali."

Beryl, afisa aliyeongoza zoezi, alimkumbusha mgonjwa kwamba jina moja likifichwa huku, kesho watu watazikwa ng'ambo ya mpaka.

"Purity," Alfani akasema.

Zainabu aliliandika kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. "Umevuka mabinti wote wa Kiislamu, ukaenda kwa Purity."

"Ndiyo maana akafichwa," Alfani akajibu.

Magari matatu yakaelekea Bongwe. Njiani Zainabu aliyachambua maneno yake kama mtu achambuaye mchele: haya ya mlangoni, haya ya mbele ya majirani, na moja la kumalizia.

Aliyefungua alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mikono ina povu la sabuni. Akamwamkia shikamoo. Zainabu hakuitika. Ujana ule ulimchoma, na maneno yote aliyoyaandaa yakampotea. Likabaki swali la kwenye fomu tu: humu ndani, ni nani mwingine aliyeguswa na Alfani?

"Ni mke wake tu," Purity alisema. "Ndiyo kwanza ameamka."

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na mtoto begani, wa mwaka mmoja na ushei, shingo nyeupe kwa poda.

Zainabu alishusha kalamu. Beryl ndiye aliyeuliza jina kamili la mtoto.

"Zainabu Swabir."