Magunia Manne ya Ndagala

Geneviève aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, bandarini Kalundu. Mumewe alikuwa kizuizini wiki ya tatu, na mtu mmoja wa usalama alikuwa amemwahidi kwamba atatoka, mradi Geneviève amtajie kila anayenunua samaki wengi wa kupeleka kwa waasi milimani.

Asubuhi hiyo mnunuzi wa magunia manne alikuwa mkunga aliyemzalisha mara zote tatu.

"Ni ya harusi, mama?" Geneviève aliuliza, akiomba moyoni ajibiwe ndiyo.

"Hapana, mutoto wangu. Kule juu miye niko nazalisha bamama, na njaa iko mingi. Usiniulize tena."

Walipoinama pamoja kufunga gunia la mwisho, mkunga alimwondolea gamba la samaki shavuni kwa kidole, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto.

Simu ya Geneviève ikalia.

"Leo nani amebeba mingi?" yule mtu wa usalama akauliza. "Bwana yako iko hapa mbele yangu. Anakusikia."

Geneviève akamsikia mumewe akikohoa.

Mkunga alikuwa hatua chache tu, akimwita mpagazi. Geneviève akampa kisogo, akataja jina la mkunga.